Kufundisha Asilimia na Mzingo kwa Namba za Tairi

Mzingo wa duara na asilimia ni mada mbili ambazo mwanachuo, anapokwenda katika mazoezi ya kufundisha, aghalabu huziendea bila hofu. Kanuni zake ni fupi na hukaa vizuri ubaoni. Mwalimu huandika kanuni, hufanya mfano mmoja, hutoa maswali kumi, kisha husahihisha, na watoto wengi hupata. Lakini baada ya mwezi mmoja waulize watoto haohao asilimia 70 maana yake nini, nao watakujibu kwa pamoja kwamba ni sabini katika mia. Waulize tena: asilimia 70 ya nini? Hapo darasa hunyamaza. Makala haya yanahusu swali hilo fupi, na yanaeleza namna moja ya kulifundisha, yaani kwa kutumia namba zilizochorwa ubavuni mwa tairi la gari.

Tatizo tutakalowapa wanafunzi ni la kweli. Mtu ana gari dogo la zamani. Matairi yamebaki vipara, kashata zote zimekwisha. Anakwenda dukani na kuambiwa kwamba tairi la ukubwa ule haliletwi tena, achague jingine. Achague lipi? Mtu huyu akikosea hatapata alama ya kosa katika daftari. Atapata gari ambalo kipima mwendo chake hakisemi kweli, au tairi linalosugua bodi linapokata kona, au, lililo baya zaidi, tairi lisilomudu uzito wa watu waliomo ndani. Inafaa mtoto aone kwamba hesabu ya asilimia inaweza kuwa na uzito wa namna hiyo.

Gari la mfano

Tutachukua Peugeot 504, gari lililotoka kwa mara ya kwanza huko Ufaransa mwaka 1968, likaunganishwa nchini Kenya kwa miaka mingi, na likashinda mbio za Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978. Wazee wengi wa Afrika Mashariki hulijua kwa jina la Pijo tu. Si lazima mwalimu atumie gari hili; gari lolote kuukuu lililopo karibu na shule litafaa, madhali namba ya tairi lake la asili inajulikana. Namba hiyo hupatikana katika kitabu cha gari, na katika magari mengine huandikwa kwenye kibandiko mlangoni. Mwanachuo asinakili namba ya tairi alilolikuta limefungwa, kwa maana huenda mwenye gari wa kwanza, wa pili au wa tatu alikwisha kulibadilisha kwa kubahatisha.

Tairi la kawaida la saluni hiyo liliandikwa 175 HR 14. Namba ya 175 ni upana wa tairi kwa milimita likiwa limejazwa upepo, kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Si upana wa sehemu inayogusa barabara, kama watu wengi wanavyodhani. Herufi H ni alama ya mwendo wa juu unaoruhusiwa kwa tairi hilo, yaani kilomita 210 kwa saa. Herufi R yaonyesha kwamba nyuzi za ndani zimepita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine badala ya kukatizana mshazari. Matairi ya namna hii yaliuzwa kwanza na Michelin mwaka 1949. Na 14 ni kipenyo cha ringi, kwa inchi.

Mwalimu asipite hapa kwa haraka. Katika maandishi mafupi namna hii mtoto amekutana na milimita na inchi zikiwa zimekaa bega kwa bega, na hakuna mahali palipoandikwa ipi ni milimita wala ipi ni inchi. Katika vitabu vyetu vya mazoezi vipimo hupangwa kwa adabu: swali la sentimita lina sentimita tupu. Nje ya kitabu mambo hayako hivyo. Waache wanafunzi wabishane. Je, yawezekana 175 ikawa inchi? Mmoja achukue rula, mwingine anyooshe mikono. Inchi 175 ni zaidi ya mita nne. Hakuna barabara itakayolipitisha tairi hilo. Na 14 ikiwa milimita, ringi itakuwa ndogo kuliko kifuniko cha chupa ya soda. Mtoto aliyeyaona haya kwa macho yake hatahitaji kukaririshwa.

Namba isiyoandikwa

Sasa mwalimu aandike ubaoni namba mbili, moja chini ya nyingine: 175 HR 14 na 175/70 R 14. Mazungumzo huenda yakawa kama haya.

Mwalimu: Mwenye gari alikuwa na tairi la juu. Muuzaji anampa la chini. Alichukue?

Mwanafunzi: Alichukue, Mwalimu. Ni lilelile.

Mwalimu: Umejuaje?

Mwanafunzi: Kuna 175 na kuna 14.

Mwalimu: Na hiyo 70?

Mwanafunzi: Hiyo imeongezwa tu.

Mwanafunzi wa pili: Labda ni bei, Mwalimu.

Mwalimu: Si bei. Ni asilimia. Asilimia 70 ya nini?

Hapa wanachuo wengi hushindwa kuvumilia ukimya, wakajibu wenyewe. Nawasihi wavumilie. Wawekee watoto tairi mbele yao, wataje vitu vyote vinavyoweza kupimwa katika tairi: upana, kimo cha ubavu, kipenyo cha nje, kipenyo cha tundu la katikati. Kisha waulize ni vipi viwili kati ya hivyo vinavyoweza kulinganishwa, kimoja kikawa sehemu ya kingine. Wataufikia ubavu. Asilimia 70 ni kimo cha ubavu kikilinganishwa na upana wa tairi. Basi kimo cha ubavu cha tairi la pili ni 175 × 70 ÷ 100, yaani milimita 122.5.

Linafuata swali lililo kiini cha somo. Tairi la kwanza halina asilimia iliyoandikwa. Je, asilimia yake ni sifuri? Ingekuwa sifuri, tairi lisingekuwa na ubavu hata kidogo. Ringi ingekuwa imepakwa mpira kama mkate unavyopakwa siagi. Watoto watacheka, na wacheke, kwani wameelewa kwamba namba isiyoandikwa si sawa na namba isiyokuwapo. Tairi la zamani lilikuwa na asilimia yake, lakini siku zile matairi mengi ya aina hiyo yalikuwa na kadiri moja, karibu 80 au kuzidi kidogo, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kuiandika. Ndivyo watu wa kijiji chenye kisima kimoja wasivyohitaji kukitaja kisima chao kwa jina. Kinapochimbwa cha pili ndipo majina hutafutwa. Matairi mafupi yalipoingia, ikabidi asilimia iandikwe. Kwa hesabu za darasani tuchukue 80.

Hesabu yenyewe

Kipenyo cha tairi ni kipenyo cha ringi pamoja na kimo cha ubavu mara mbili, kwa sababu ubavu uko juu na chini. Hiyo mara mbili husahauliwa sana. Mchoro wa duara mbili zenye kitovu kimoja, ukiwa na mstari uliosimama unaokata zote, utawasaidia wanafunzi kuliko maneno mengi. Inchi moja ni milimita 25.4, hivyo ringi ya inchi 14 ina kipenyo cha milimita 355.6.

Kwa tairi la asili: ubavu ni 175 × 80 ÷ 100 = 140. Kipenyo ni 355.6 + 140 + 140 = 635.6.

Kwa tairi la muuzaji: 355.6 + 122.5 + 122.5 = 600.6.

Tofauti ni milimita 35. Zikigawanywa kwa 635.6 tunapata asilimia 5.5. Tairi ambalo darasa zima lilisema ni lilelile ni fupi kwa zaidi ya ishirini moja ya kipenyo cha lile la kwanza.

Baada ya hapo darasa ligawanywe katika vikundi, kila kikundi kipewe tairi moja la kuhesabu. Majibu ni haya, yote kwa kulinganishwa na 635.6:

185/75 R 14: kipenyo 633.1, pungufu kwa asilimia 0.4
195/70 R 14: kipenyo 628.6, pungufu kwa asilimia 1.1
185/70 R 14: kipenyo 614.6, pungufu kwa asilimia 3.3
185/65 R 14: kipenyo 596.1, pungufu kwa asilimia 6.2
195/75 R 14: kipenyo 648.1, zaidi kwa asilimia 2.0

Kadiri inayofuatwa na wengi katika kuchagua tairi badala ni kwamba kipenyo kisitofautiane na cha asili kwa zaidi ya asilimia 3 hivi. Vikundi vikiandika majibu yao ubaoni, jambo moja litajitokeza, na mwalimu alingoje lisemwe na mwanafunzi: tairi la 195/70, ambalo upana wake si ule wa kwanza, linakaribia sana la asili, na la 175/70, lenye namba mbili zinazofanana kabisa na za asili, liko mbali. Upana umeongezeka, asilimia imepungua, na zao lao likabaki karibu palepale. Ubavu wa asilimia 70 ya 195 na ubavu wa asilimia 80 ya 175 umepishana kwa milimita 3.5 tu. Sijui mfano mwingine katika mada ya asilimia unaoonyesha jambo hili kwa uwazi kama huu.

Kipima mwendo

Wanafunzi watauliza: tairi likiwa fupi kidogo, kuna ubaya gani? Hapa ndipo mzingo unapoingia, nao unaingia kwa haja, si kwa sababu ukurasa umefika.

Kwa kutumia 3.14, mzingo wa tairi la asili ni milimita 1,996, na wa 175/70 ni milimita 1,886. Katika kilomita moja tairi la kwanza huzunguka mara 501, la pili mara 530. Lakini kipima mwendo cha gari hili hakiioni barabara. Huhesabu mizunguko tu, nacho kilitengenezwa kwa kuamini kwamba kila mzunguko ni ule wa tairi la asili. Kwa hiyo kikionyesha kilomita 80 kwa saa, gari kwa kweli linakwenda 75.6. Na safari ya kilomita 200 itahesabiwa kuwa karibu kilomita 212. Anayekodisha gari lake kwa kilomita atafurahi, anayelikodi je?

Tairi kubwa hufanya kinyume chake, na kinyume hicho ndicho kibaya. Kwa tairi la 195/75, dereva anayeona 50 yuko kwenye 51. Si tofauti kubwa, lakini mwenye gari akifunga tairi lililozidi kwa asilimia 8, kipima mwendo kitamwambia yuko kwenye 50 katikati ya makazi ya watu naye anakwenda 54, mbele ya shule kama hii yetu.

Mwalimu mwangalifu ataona mtego katika hesabu hizi. Mzingo umepungua kwa asilimia 5.5, lakini kilomita zilizohesabiwa zimezidi kwa asilimia 5.8. Mtoto mwenye akili atasema kwamba moja ya hesabu hizo ina kosa. Hazina kosa. Tofauti ni ileile ya milimita 110, ila mara ya kwanza tumeigawanya kwa 1,996 na mara ya pili kwa 1,886. Tumerudi kwenye swali letu: asilimia ya nini? Mwanachuo asiyekuwa na hakika na jambo hili alifanyie kazi nyumbani kwa namba ndogo, kwa mfano 4 na 5, kabla ya kuingia darasani.

Kupima

Hesabu ya ubaoni isiachwe peke yake. Fundi wa pancha kwa kawaida ana matairi yaliyokwisha kazi, na ataazima moja akiombwa kwa heshima. Liwekwe alama ya chaki, liviringishwe uwanjani juu ya mstari ulionyooka mpaka alama irudi chini, na umbali upimwe. Watoto wetu wengi wamekwisha kuendesha matairi kwa fimbo njiani, kwa hiyo kazi hii haihitaji maelezo marefu. Waviringishe mara tano kisha wagawanye kwa 5; hapo watajifunza na wastani bila kutajiwa. Tairi lililochakaa litatoa kipimo pungufu kidogo, kwani kashata zimeondoka.

Kama mwenye gari ataridhia, mzunguko mmoja upimwe pia kwa tairi lililofungwa kwenye gari, dereva akiliendesha polepole na wanafunzi wakiwa wamesimama mbali kando. Kipimo kitakuwa pungufu kuliko 3.14 mara kipenyo, pengine kwa asilimia 3 hivi, kwa sababu tairi lililobeba uzito hubonyea chini. Nasisitiza hapa kuliko mahali pengine: mwalimu asiwaambie watoto wabadilishe kipimo ili kilingane na kanuni. Nimeona madaftari ambamo kila kikundi kilipata mzingo uleule mpaka milimita ya mwisho, na hiyo ni dalili kwamba hakuna aliyepima. Kanuni ni ya duara, na tairi lililobeba gari si duara kamili. Ulinganisho wetu hauharibiki, maana matairi yote mawili hubonyea kwa kadiri inayokaribiana.

Yasiyosemwa na hesabu

Kabla ya kumaliza, wanafunzi wajue kwamba kipenyo peke yake hakitoshi kumchagulia mtu tairi. Baada ya ukubwa, ubavuni huandikwa namba nyingine na herufi, kwa mfano 84 T. Namba 84 si kilo 84; ni ya kutazamwa katika orodha, na maana yake ni kilo 500 kwa tairi moja. Namba 88 ni kilo 560, na 91 ni kilo 615. Tairi la 175/70 R 14 aghalabu huwa na 84, na la 195/70 huwa na 91. Kwa gari lililojaza familia na magunia, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama tairi litafika. Wanafunzi wasizidishe kilo 500 kwa 4 wakadhani wamemaliza, kwani mzigo haugawanyiki sawasawa; nyuma hulemewa zaidi. Herufi T ni kilomita 190 kwa saa, S ni 180.

Tena kila upana wa tairi una mipaka ya upana wa ringi, na matairi ya ekseli moja hayana budi kuwa ya aina moja na ukubwa mmoja. Umri nao huandikwa: tarakimu nne kama 2319 zamaanisha juma la 23 la mwaka 2019. Mwalimu akiyasema haya asijifanye fundi. Uamuzi wa mwisho ni wa kitabu cha gari na wa fundi anayeaminika; kazi ya darasa ni kumwezesha mwenye gari kuuliza maswali yanayofaa.

Mazoezi

1. Tafuta kipenyo na mzingo wa tairi la 165/80 R 13.

2. Gari lilitumia 155 R 13, asilimia haikuandikwa (tumia 80). Muuzaji ana 175/70 R 13. Tofauti ya kipenyo ni asilimia ngapi?

3. Kwa tairi la swali la pili, kipima mwendo kikionyesha 60, gari linakwenda kwa mwendo gani? Eleza kwa sentensi mbili, bila kanuni, kwa nini jibu lako ni zaidi au pungufu ya 60.

4. Tairi la kale liliandikwa 5.60-15, na namba zote mbili ni inchi. Badili upana uwe milimita.

5. Baadhi ya magari ya Peugeot 505 yalitumia tairi lililoandikwa 190/65 HR 390. Tafuta kipenyo cha tairi hilo.

Swali la mwisho limewekwa kwa makusudi, na mwalimu asidokeze lolote. Ringi hiyo ilipimwa kwa milimita, si kwa inchi, na kipenyo cha tairi ni 390 + 123.5 + 123.5, yaani milimita 637. Mtoto aliyezoea atazidisha 390 kwa 25.4 na kupata ringi ya milimita 9,906. Asiandikiwe alama ya kosa papo hapo. Apewe utepe wa kupimia, atoke nje pamoja na mwenzake, apime karibu mita kumi kwenye ukuta wa darasa, na aweke alama ya chaki mahali kipenyo cha ringi yake kinapoishia.